Benchi Lisilokaliwa na Mtu Mmoja

Karakana, tarehe 6 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Naandika nikiwa nimekaa juu ya rundo la mbao, maana viti vyote vya karakana nimeviuza, na fundi anayekalia bidhaa yake ni sawa na mpishi anayemaliza sufuria kabla ya wageni. Samahani, sikukusudia kukugusa. Paka wako amezaa tena ndani ya sanduku la misumari, mama na watoto hawajambo, mimi ndiye nisiyeweza kufika kwenye misumari yangu. Natumaini huko jikoni wanafunzi bado wanalalamika kwamba mchuzi ni maji. Siku wakinyamaza ndipo uogope. Nimesikia pia kwamba simu yako ilitumbukia kwenye maharage na kwamba hutaki nyingine, kwa hiyo tumerudi kwenye kalamu.

Sasa nikupe kilichonikalisha hapa. Halmashauri imetangaza mashindano. Wamebandika bango hadi kwenye choo cha soko: anatafutwa mtu mwenye ubunifu utakaoleta mabadiliko mema katika jamii. Wameajiri hata Afisa Ubunifu, wamempa chumba kilichokuwa cha mifagio. Mifagio haijaondoka. Nilipokwenda kuchukua fomu tulizungumza huku kila mmoja ameshika wake.

Wazo langu ni benchi. Usicheke kwanza. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya kigogo kimoja katikati, na kiti huku na huku. Akikaa mtu mmoja, anashuka chini puu. Wakikaa wawili wa uzito mmoja, linatulia. Nataka liwekwe kwenye uwanja wa zahanati, pale watu wanaposubiri kutwa nzima bila hata kusalimiana. Mtaa wetu umekuwa hivyo, Shangazi. Mtu anajua rangi ya geti la jirani yake, sauti yake haijui.

Na kuna jambo jingine. Najua hupendi nimtaje, namtaja kidogo tu. Tangu atoke hospitali Baba hatoki nje. Anakaa ameutazama ukuta ule ilipoegemezwa ile nusu ya kiti. Muuguzi wa zahanati ameniambia wazi kwamba dawa zinafanya kazi yake, kinachommaliza ni ukimya, na akiendelea hivi mwaka hautakwisha naye. Basi nimemtaja. Nimemaliza.

Mwanao,
Msasa


Jikoni, tarehe 2 Machi

Msasa mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenikuta napepeta mchele wa bweni zima na nimeisoma kwa jicho moja. Jina nililokupa siku unazaliwa, ukilia kama msasa juu ya mbao mbichi, naona bado linakufaa, kwa sababu hujui kumpita mtu bila kumkwaruza. Mimi mzima. Mgongo unaniuma nikiinama, hauniumi nikinyooka, kwa hiyo nimeacha kuinama. Mchuzi ni maji, wanalalamika, mambo ni shwari. Nisalimie paka na wanawe. Nisalimie wote wa nyumba hiyo isipokuwa mmoja anayejijua. Huyo nitamsalimu siku zile nusu mbili zitakapotoka kwenye kuta zake na kuungana zenyewe njiani.

Usiniandikie habari za ukuta na za nusu. Unafikiri sijui? Kiti kilikuwa cha marehemu baba yetu, alikitengeneza kwa mkono wake na akafia juu yake, na kila mmoja wetu alikuwa na haki nacho. Katika familia nyingine wangeita wazee. Sisi ni familia ya maseremala, tukaita msumeno. Sasa yeye ana miguu miwili na mkono wa kushoto, mimi nina miguu miwili na mkono wa kulia, na hakuna kati yetu anayeweza kukaa. Haki imetendeka. Nusu yangu nimeiegemeza karibu na stoo ya unga, naipaka mafuta kila mwezi, mchwa hawajaigusa. Yake sijui ina hali gani. Sijauliza.

Kuhusu benchi lako, hilo ni wazo la kichaa, na babu yako angelipenda. Lakini kama umelichonga kwa ajili ya kutuvuta sisi wazee kwa kamba, nakukumbusha: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wewe lima, mwanangu.

Ni mimi,
Shangazi yako


Karakana, tarehe 24 Machi

Shangazi,

Shikamoo tena. Paka amehama, amepeleka wanawe kwenye pipa la maranda, nimeipata misumari yangu. Mvua imeanza. Pole na mgongo.

Nimelima, Shangazi, na shamba limenishinda. Benchi limepata ushindi. Mshindani wa pili alileta mwavuli wa watu kumi na wawili, ukagoma kutoka mlangoni.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi alikaa upande mmoja, mkuu wa soko upande wa pili, wamelingana vizuri, wapiga picha wamefurahi. Mgeni akaitwa kuhutubia. Akainuka kama anavyoinuka siku zote. Mkuu wa soko akashuka puu, soda mkononi, na hotuba ilikuwa ya mshikamano.

Shida iliyofuata ni kujua nani ana kilo ngapi. Muuguzi alikataza mizani ya zahanati isichezewe na wazima, ndipo mwenye bucha ya kona akaona mwanya. Unasimama kwenye mizani yake ya magunia, anaandika kilo zako kwenye karatasi ya kufungia nyama, unaibandika kifuani, unakwenda kutafuta mwenzio. Watu wazima na heshima zao wanasimamishana njiani, "Samahani ndugu, wewe ni sabini na mbili?" Juzi nimemsikia mke akimuuliza mumewe mlangoni, kwa sauti ya chini kabisa, "Huyo sabini na mbili ni nani?"

Unamkumbuka fundi cherehani na muuza mkaa? Hawasemeshani kwa sababu ya mtaro wa maji machafu tangu mimi nanyonya. Imegundulika mtaa mzima wao peke yao ndio wenye themanini na moja, na wote wawili magoti hayafai. Walisimama asubuhi nzima wakiliangalia benchi. Mwisho muuza mkaa akaliambia benchi, si mtu, "Anayetaka kukaa akae." Wakakaa, kila mmoja amegeuzia uso upande wake. Zahanati inafungwa, wameshakubaliana kuuchimba mtaro upya. Tatizo ni kwamba jino limemuuma fundi cherehani, amepungua, na muuza mkaa amemwita msaliti mbele ya foleni yote. Sasa anampelekea uji asubuhi na jioni na kusimama pale pale hadi bakuli liishe.

Na kwa kuwa ukiinuka ghafla unamwangusha mwenzio, pamezuka desturi. Unasema, "Nainuka." Mwenzio anakanyaga chini kwa nguvu, anajibu, "Inuka salama." Imetoka kwenye benchi imeingia majumbani. Mwenye bucha anaisema hata kwenye simu kabla ya kukata.

Kwa Baba halijafaa. Muuguzi alikuja mwenyewe kumtoa. Amebaki kilo arobaini na moja, na mtu mzima wa kilo hizo hapa mtaani hayupo. Nikikaa mimi anapaa, miguu inaning'inia, anasema kwa umbali huo hawezi kuzungumza na binti yake. Afisa Ubunifu akaagiza mfuko wa unga uwekwe upande wa pili. Baba alikaa nao kidogo. Kisha akasema, "Nirudisheni. Nimeusalimu, haukuitika." Nilitaka hata kuvisogeza viti, lakini Afisa amenilazimisha vipigiliwe misumari mwisho wa ubao, huku na huku. Anasema umbali ukilingana ndio usawa, na ameshauchora kwenye ripoti.

Njiani nikamsimulia Baba hiyo "Nainuka." Tukafika mlangoni. Ndipo akasema, "Kuna mtu aliinuka bila kuaga." Hakumtaja, nami simtaji.

Nusu yake anaipaka mafuta. Hukuuliza, sijakujibu.

Msasa


Jikoni, tarehe 30 Aprili

Msasa mwanangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu. Kulikuwa na ukaguzi, kisha likizo, kisha sufuria kubwa ikatoboka. Usitafute sababu nyingine. Mgongo ni ule ule. Wanafunzi wameniuliza kwa nini nacheka nikiwa peke yangu jikoni na nimewaambia nina mpwa anayepima watu kwa mizani ya nyama.

Nakuandikia juu ya ubao tu, kama fundi kwa fundi. Umepigilia viti misumari mwisho wa ubao? Mtoto wa ukoo wa randa na msumeno? Nimeona aibu hadi nikafunika sufuria. Huyo Afisa wako na usawa wake arudi kwenye mifagio yake. Usawa gani huo wa kumpandisha mgonjwa hewani?

Nyuma ya karakana hiyo hiyo unayokaa, babu yako alitupatia ubao tupembee, nikiwa mdogo. Mimi nilikuwa mnene tangu tumboni. Mwenzangu alikuwa kijiti, ukimvisha shati unalitafuta. Siku ya kwanza nilikaa kwa kishindo nikamrusha, akaangukia kwenye pumba, akalia. Babu yako akatoka na randa mkononi. Nilijua nimekwisha. Hakunigombeza. Alisema, "Mwepesi hana la kufanya, hata arukeruke. Mzito ndiye asogee." Nikasogea kuelekea katikati, kidogo, kidogo tena, mpaka ubao ukatulia wenyewe. Tulipembea siku ile hadi tukaitwa kula kwa viboko.

Kwa hiyo ng'oa misumari. Chonga mfuo kwenye ubao, kiti kiteleze ndani yake. Ni hilo tu, na usiisome barua hii kwa sauti mbele ya mtu.

Na huyo anayesema kuna mtu aliinuka bila kuaga, mwambie, au la, usimwambie, kwamba msumeno ule ni wa watu wawili. Una mpini huku na mpini huku. Mtu mmoja hawezi kuuvuta. Kiti kile kilikatwa katikati bila kupinda hata unywele, na kazi safi namna ile haifanywi na watu wasioelewana. Ndiyo kazi yetu ya mwisho pamoja. Sijui kwa nini nakuandikia haya. Mchele unaungua.

Shangazi


Karakana, tarehe 19 Mei

Shangazi,

Shikamoo, na nisamehe. Nimeisoma kwa sauti.

Nilianza kujisomea, nikafika kwenye shati nikacheka, akauliza nacheka nini. Nikasoma yote, hadi mchele unaoungua. Baba alikuwa amefumba macho, nikadhani amesinzia. Akasema, "Haikuwa pumba. Ilikuwa maranda." Halafu, "Ingekuwa pumba nisingelia."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu tumtoe hospitali, na yote ya kukubishia wewe. Sikujua kama nicheke au nilie, nikafanya yote mawili, akaniambia niache kelele nimpe randa.

Nilidhani anaota. Akatoka, Shangazi. Kwa miguu yake, ameshika ukuta, hadi zahanati. Alimwambia muuguzi anyamaze, akamwambia Afisa asogee asije akaumizwa, akang'oa misumari. Mfuo wa upande mmoja ameuchonga yeye, akipumzika kila baada ya kusukuma mara chache. Wa pili nimechonga mimi. Wake umenyooka kuliko wangu, na amenionyesha hilo mara kadhaa.

Sasa viti vinateleza na mambo yamegeuka. Karatasi za kilo zimekwisha thamani, mwenye bucha amenuna. Mtu yeyote anakaa na yeyote, ila mzito lazima amsogelee mwepesi. Mkuu wa soko alikaa na mama anayefagia soko, mwembamba kama mpini wa fagio lake, na ikambidi mheshimiwa ateleze karibu katikati mbele ya wapiga kura wake, hadi akawa anamsikia. Mama akamweleza habari za mapipa ya taka. Mapipa yameletwa. Afisa Ubunifu ameandika kwamba benchi limevuruga itifaki, na kwenye sentensi inayofuata ameomba yatengenezwe mengine kumi. Fundi cherehani na muuza mkaa hawahitaji tena kulingana, lakini uji bado unapelekwa.

Nikamwambia Baba, haya, sasa kaa, nitasogea mimi. Akakaa mwisho wa ubao. Nilipotaka kukaa upande wa pili akaweka mkono juu. "Hapo pana mwenyewe," akasema.

Kwa kuwa ni mwepesi lakini si hewa, upande wake umeshuka chini na ule mwingine umesimama juu mtupu. Anakaa hivyo, magoti karibu na kidevu, kutoka asubuhi mpaka muuguzi anapofunga. Watu wanamwomba, wanambembeleza. Anawasalimu vizuri sana, na anawaambia pana mwenyewe.

Sikuombi kitu. Nalima tu.

Msasa


Karakana, tarehe 15 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Hujajibu, na sijui kama barua imepotea au umekasirika kwamba nilisoma kwa sauti. Paka hajambo.

Nitasema bila kuzunguka. Baba amepungua tena. Muuguzi hataki kunitajia kilo, na muuguzi asiyetaja kilo amezitaja. Mvua inanyesha kila siku na bado anakwenda kukaa. Ule mwavuli wa watu kumi na wawili, walioutoa kwa kubomoa mlango, umesimikwa juu yake, na foleni nzima imejibanza chini yake wakizungumza, kelele tupu, hata wasioumwa wanakuja. Ule mtaa uliokuwa bubu unapayuka kutwa. Ndicho nilichokitaka, Shangazi, nimekipata, na katikati ya wote hao yeye amekaa chini upande mmoja wa ubao anatazama kiti kitupu kilicho juu.

Jana mgonjwa mgeni, asiyejua mambo, alilalamika kwamba mzee mmoja amehodhi benchi la watu wawili. Foleni yote ikamgeukia. Muuza mkaa akamjibu, "Wako wawili. Mmoja yuko njiani."

Hakuna aliyemwambia hivyo. Nami sikumkanusha. Ikiwa nimesema uongo kwa kunyamaza, nijulishe, nimwambie Baba arudi ndani.

Msasa


Stendi, tarehe 3 Julai

Msasa,

Salamu utazipata nikifika, basi linaunguruma. Hili linalotangulia limejaa, nimempa dereva wake barua hii akuletee mkononi. Mimi napanda linalofuata. Nimechelewa kwa sababu mkuu wa shule alikataa kuniruhusu hadi nimpatie mpishi mwingine, na wapishi wote waliokuja walijua kupika, wanafunzi wakashangaa mchuzi ni mzito, wakaomba nisiondoke. Nikawaambia, "Nainuka." Wakajibu vizuri. Nilishawafundisha desturi yenu.

Nusu yangu ninayo hapa, nimeifunga blanketi. Kondakta ananiuliza kama ni kiti au ni mzigo. Nimemwambia si kiti mpaka ifike, na tuna mabishano makali juu ya nusu nauli. Tafuta gundi nzuri ya mbao. Msumari hapana, usidiriki kupiga msumari kwenye kiti cha babu yako.

Mwambie ilikuwa pumba, niliiona kwenye nywele zake.

Na mwambie kaka yangu asijaribu kuinuka kunipokea, wala asisogee, na yeyote asimbadilishie nafasi. Akae pale pale mwisho wa ubao. Mzito ni mimi. Nitasogea.